Kiti cha Kuliza

"Nani amekigusa kiti hiki?"

Jukwaani, dada wa marehemu mtunzi alikikalia, akainuka, akakikalia tena. Kimya. Kiti kilichokuwa kikilia kwiii-kwe kama panya aliyebanwa na mlango, leo kilikuwa bubu.

Fundi wa ukumbi akajitokeza, uso umemkunjuka. "Mimi, dada. Nimekipigilia misumari na kukitia gundi, usije ukaanguka mbele za watu."

"Gundi? Hicho si kiti, ni ala ya muziki! Soma hapa!"

Akamfungulia karatasi za nota. Katikati ya fidla na filimbi, marehemu kaka yake alikuwa ameandika: Kiti peke yake. Kilie mara saba. Kiti chenyewe kilitoka nyumbani kwao, kwenye meza ya chakula. Baba alipofoka, kaka alijitikisa juu yake polepole, kwiii-kwe, mpaka baba mwenyewe akashindwa kununa. Huo ndio muziki wa mwisho aliotunga kaka, na dada ndiye aliyepewa kazi ya kukiliza kiti.

Fundi akashika kichwa. "Mimi najua kiti kikilia ni kibovu."

Kiongozi wa okestra akaja akipangusa miwani. "Afadhali imekuwa hivyo. Leo tunamkumbuka marehemu, vichekesho vya nini? Sehemu hiyo tutairuka."

"Aliyekufa ametaka watu wacheke, wewe unamnunia kwa niaba ya nani?"

"Dada, punguza sauti."

"Sipunguzi! Mmemzika mara moja, inatosha!"

Saa kumi na mbili jioni ukumbi ulijaa. Dada alikaa kitini, meno ameyauma. Walipofika mahali pale, kiongozi akainua fimbo ili waruke. Wapiga fidla wakamtazama dada, kisha mmoja baada ya mwingine wakateremsha pinde zao. Fimbo ikabaki inaning'inia hewani.

Dada akajitikisa. Kimya. Akajitikisa kwa nguvu zaidi. Gundi ya fundi ilikuwa gundi kweli.

Nyumbani, dada ndiye waliyemwita Jiwe. Mzaha ulikuwa wa kaka, yeye kazi yake kununa. Akafumbua kinywa.

"Kwiii-kwe."

Mtu mmoja akaguna. Mara ya pili, kicheko kikaponyoka huko nyuma. Mara ya nne ukumbi mzima ulikuwa umeshika mbavu, na fundi, kando ya pazia, anajifuta macho kwa kofia.

Dada hakucheka. Machozi yalimtiririka, macho kamkazia kiongozi. Zilibaki mara tatu, na hakuwa na nia ya kumsamehe hata moja.