Harusi ya Majiko Mawili

Siku hiyo wakubwa wa kiwanda walituita wakatuambia mfumo wa kompyuta tuliouzoea unaondoka, unakuja mpya. Wenyewe bado walikuwa wanabishana: huyu anataka tuhamie wote kwa mkupuo, yule idara moja moja. Meneja Mgaya akaniuliza kama ghala langu litatangulia, nimjibu asubuhi. Jibu nilishakuwa nalo: hapana. Tangu mke wangu Mwanahawa afariki, huku gari la kiwanda la kumpeleka hospitali likizunguka na bosi, sina neno jema na wakubwa. Waharibikiwe, nikasema, nikajitupa kitandani hata viatu sijavua, usingizi ukanibeba na hasira zangu.

Nikajiona katika nchi ambayo udongo wake unanukia iliki. Ngoma zinalia, vigelegele kila upande, na mbele yangu jiko kuukuu ambalo paa lake linataka kuanguka. Ng'ambo ya kijito jiko jipya, jeupe. Pilau iko motoni, wageni wa harusi wako mikekani na njaa zao. Bwana mmoja, jina lake Pupa, anatoka jasho na koti lake: "Zimeni moto, bebeni yote mara moja." Wakabeba wakisukumana, sufuria la kwanza likamwagika kijitoni, samaki wakafanya harusi yao.

Juu ya mafiga ya zamani alikaa Kinyongo, masizi mpaka kwenye kope. "Karibu, shemeji," akaniambia, "kaa tusitoke. Paa likiwaangukia wakubwa ndipo watatujua." Nikakaa, pakanoga. Kisha nikatazama mikekani, nikakosa hata mkubwa mmoja. Walikuwa wachukuzi wangu wa ghalani, wake zao na watoto, wananiangalia mikono.

Hapo akaja mpishi mkuu, Bi Taratibu, mnene, kanga kaifunga kiunoni, anacheka. "Baba, mimi sihamishi jiko, nahamisha chungu. Anza na hiki kidogo. Huku moto usizimwe mpaka cha kule kiive tuonje. Masizi na ukoko viache, havijamshibisha mtu."

"Na huyu Kinyongo?"

"Huyo ana miguu yake."

Nikakibeba, nikavuka maji yakinitekenya. Kuonja, chumvi hakuna. Tukacheka, tukakipika tena huku moto wa zamani bado unawalisha watoto. Kilipokolea, vyungu vikubwa vikafuata kimoja kimoja, ngoma ikivisindikiza. "Shemeji, unaniacha?" Kinyongo akaita. Mdomo wangu ulikuwa umejaa pilau.

Niliamka natafuna hewa, nacheka peke yangu. Wakubwa nawalaumu bado, na sababu ninayo. Lakini paa likianguka, haliwaangukii wao.

Asubuhi nikamwambia meneja, "Ghala litangulie. Ila mfumo wa zamani usizimwe mpaka tuuonje huu mpya, na takataka zake tusihame nazo."

Akanikodolea macho. "Mzee Shemhilu, ni wewe unayesema?"

"Ndimi," nikamjibu. "Na usinizoee."