Jozi ya Tatu Darajani

"Sogea kushoto kidogo, mama mdogo. Hapo hapo! Usisinzie sasa."

"Nisinzie na upepo wote huu? Piga picha zako, tuondoke."

Bi Tsuyako alikuwa amekaa kwenye benchi la kivukoni, amepakata picha ya zamani ndani ya fremu. Nyuma yake daraja jekundu lilining'inia juu ya bandari kwa kamba zake za chuma. Rieko, binti wa marehemu dada yake, alihangaika na kamera. Daraja lilikuwa linatimiza miaka sitini, na ukumbi wa mji ulimwomba picha za maonyesho, za leo na za kale kwa pamoja. Ya kale ndiyo iliyokuwa mapajani mwa bibi: siku ya ufunguzi, kina Shigematsu, ukoo wa baba yake Rieko, wakivuka wa kwanza.

Huko kwao daraja jipya huvukwa kwanza na jozi tatu za nyumba moja: babu na bibi, baba na mama, kijana na mkewe, wote wazima. Watu waliigombania heshima hiyo. Kina Shigematsu waliipata, na wiki tatu kabla ya siku yenyewe mkaza mwana wao, Hatsue, mama yake Rieko, akalazwa kwa kifua kikuu.

Unadhani waliirudisha? Thubutu! Mama mkwe alikwenda kwao Hatsue na kimono mkononi, akamkabidhi mdogo mtu, Tsuyako, msichana wa miaka ishirini. "Ni dakika kumi tu. Nani atakuuliza?" Hakuna aliyeuliza. Tsuyako alivuka kando ya shemeji yake, na mpiga picha alipomwita akacheka, maana alikuwa msichana na watu walikuwa wanashangilia. Gazeti likaandika jina la Hatsue chini ya uso ule. Miezi minne baadaye Hatsue akafa, na mama mkwe, kwa kuuogopa ugonjwa, akachoma nguo zake, barua zake na picha zake zote, hata ya harusi, hata zilizokuwa kwao. Ikabaki hiyo moja.

Rieko alikuwa na miaka miwili. Alipoanza kuuliza, baba yake, kwa kukosa nyingine, alimwonyesha picha ya darajani akasema ndiye mama yake, na tangu hapo kila asubuhi aliiwekea wali na chai kwenye madhabahu ya nyumbani. Tsuyako alipokwenda kuwatembelea aliikuta chai inafuka mvuke mbele ya uso wake mwenyewe. Roho ilimuuma kila mara, na kila mara alinyamaza. Utamnyang'anyaje mtoto mama yake?

"Nataka niikuze," Rieko alisema, akiinama kuitazama. "Uso wa mama peke yake. Nizikwe nao, nisije nikampita huko bila kumjua." Akacheka. "Nitamkuta msichana, mimi kikongwe!"

Atampita kweli, aliwaza Bi Tsuyako, na mimi ndiye nitakayekuwa nimempoteza.

"Weka kamera chini, mwanangu."

"Nini tena? Baridi?"

"Huyu si mama yako." Akaweka kidole kwenye kioo. "Ni mimi."

Akamweleza yote, kimono na gazeti na moto. Rieko alikaa, akautazama uso wa kwenye picha, akautazama wa mama mdogo wake, akarudi kwenye picha. Kivuko kilifika, kikashusha watu, kikaondoka.

"Miaka yote hiyo," alisema hatimaye. "Nakumiminia chai mara mbili, ya madhabahuni na ya mezani, na wewe unakunywa tu!"

"Nilikosa. Nilikosa sana, mwanangu."

"Basi niambie wewe. Hakuna mwingine aliyebaki. Mama alikuwaje? Uso wake?"

Bi Tsuyako alifumba macho. Aliiona mikono ya Hatsue ikimfunga mkanda wa kimono walipokuwa wasichana. Alikisikia kikohozi chake nyuma ya mlango wa karatasi. Hata harufu ya mafuta ya nywele zake ilimjia. Akautafuta uso. Kila alipomwita dada yake ageuke, aliyegeuka ni yule msichana wa darajani, anacheka.

"Mama mdogo? Alikuwaje?"

Machozi yalimdondoka juu ya kioo.

"Sikumbuki," alisema. "Na mimi nimeitazama picha hii miaka sitini."