Chachu Iliyovuka Mpaka

Asubuhi hiyo Radjabu alikuwa na hakika kwamba sayansi ingemwondolea yule mwanamke. Aliketi mbele ya tanuri lake la mikate mjini Gitega. Amisa akaketi upande wa pili, mkoba magotini. Ulikuwa mwezi wa pili tangu aje kutoka Giteranyi, karibu na mpaka wa Tanzania, na kumwambia, "Mimi ni dada yako."

"Mi dada yangu alikufa njiani mwaka sabini na mbili," Radjabu alimjibu siku ile. "We unataka kiwanja cha Muyinga, bon, sema tu."

Mwaka huo watu walikimbia mauaji, wakatoka Muyinga na nguo za mwilini tu, na waliobaki wakagawana milango yao. Leo ofisini wanawaandika "waliorudi", kana kwamba walikwenda harusini. Baba alikimbilia Tanzania na binti wa miaka kumi. Mama alibaki na Radjabu wa miaka mitano aliyekuwa na homa. Sura ya dada hakuikumbuka. Aliukumbuka ua wa nyumba yao ya Muyinga: mama akiimba huku akikanda, iliki ikinukia hadi barabarani, donge la chachu limefunikwa kitambaa kibichi na watoto wakikatazwa hata kulipumulia. Donge hilo hilo ndilo linaloumua mikate yake hadi leo.

Zarin, binti wa Esmail muuza unga, ndiye aliyekuja na majibu. Alikuwa akisomea chachu, akikusanya madonge kwa waoka mikate wa nchi nzima. Amisa naye alikuja na donge lake, akidai ni la mama, na Radjabu mwenyewe alimwambia Zarin alipime, yaishe. Kupimwa damu Amisa alikataa katakata: "Tangu lini mtoto akatobolewa kidole ndipo aingie kwao?"

"Baba Radjabu," Zarin alisema, "chachu ina kromosomu kumi na sita, nyuzi zinazobeba jeni zake. Tumeisoma ya tatu, herufi kwa herufi. Kwenye chachu yako kuna kipande kimekatika, kikajipachika kichwa chini miguu juu."

"Ni ugonjwa?"

"Hapana, ni alama tu. Hamira ya dukani kwetu haina. Waoka mikate wengine wote hawana. Ya Mama Amisa hapa inayo, na imekatika pale pale."

Radjabu alimgeukia Amisa, kisha Zarin.

"Kwa hiyo ni dada yangu?"

"Mi nimesoma chachu, sikusoma watu. Madonge haya yalitoka chungu kimoja. Labda mama yako alimgawia jirani, jirani akakimbia nalo. Hilo jeni hazisemi."

Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Neno moja tu, "jirani", na kiwanja kingebaki chake, na Zarin angeliandika hivyo hivyo. Lakini akilini alimwona mama akimkatalia mke wa msimamizi wa tarafa aliyekuja kuomba donge akiwa na zawadi ya kitenge, akimrudishia kitenge chake, kisha akimwambia Radjabu mdogo kwamba chachu hupewa binti anayekwenda kuanzisha nyumba yake, basi. Radjabu mwenyewe aliipata kwa sababu binti hakuwepo tena.

"Mama hakumgawia mtu," alisema. "Ilikuwa ya binti anayeolewa tu."

"Sikuwa naolewa," Amisa alisema. "Siku ya kukimbia mama alinifungia chachu kwenye kanga, akaniambia nisiiache ife. Nikadhani nitarudi baada ya wiki."

"Alikuwa akiweka sahani yako, Idi kwa Idi. Mpaka alipokufa."

Zarin alitoka nje bila kuaga. Radjabu alivunja kipande cha mkate alioutoa Amisa mkobani, akatafuna, akajifuta macho kwa mkono wenye unga.

"Una chumvi mno, dada."

"Na wako hauna iliki. Mama angekuchapa."

"Iliki iko bei juu. Kesho twende Muyinga, nikuonyeshe kiwanja. Ua wa mama bado uko."