Matundu Elfu Moja na Mia Nne ya Hauke

Nilisukuma pampu ya baiskeli mara ya kumi, na povu likakaa palepale. Nilikuwa nimelala chali chini ya bawa la kushoto, umande wa kwenye nyasi ukinilowesha mgongo, na juu ya uso wangu kulikuwa na mstari wa sabuni niliyoipaka mwenyewe kwa brashi kutoka shina la bawa hadi ncha. Hewa ya pampu ilipaswa kuingia kwenye mdomo mdogo chini ya bawa, ipite ndani, itokee kwenye matundu mia saba yenye upana wa sindano, na kila tundu litoe kipovu chake. Bwana Rehbein, msimamizi wa majaribio, aliitaka picha ya vipovu hivyo kwa ajili ya ripoti. Detlef, mwenzangu wa karakana, alikuwa amepiga magoti kando yangu na kamera.

"Hiyo pampu yako imetoboka," alisema.

Nikaielekeza shavuni kwake nikasukuma. Akafumba jicho.

"Haya, haijatoboka. Basi ni nini?"

Nilipitisha ukucha kwenye mstari wa matundu, na chini ya ukucha kikabaki kitu cheupe na laini. Nilikinusa. Ilikuwa nta.

Matundu yale aliyatoboa kaka yangu, Hauke. Sisi sote watatu tulikuwa wanafunzi wa uhandisi, na katika kikundi chetu mtu hakuruhusiwa kurusha ndege mpaka atimize saa mia tatu za karakana kwa mwaka. Hauke alikuwa akitimiza mia tisa. Tulikuwa na ndege moja isiyo na injini, nyeupe, yenye mabawa marefu na membamba, na yeye aliamini kwamba hewa inayopita chini ya bawa lake hufika mahali ikazubaa, ikaachana na bawa, na kuiburuta ndege nyuma. Akitoboa safu ya matundu kabla tu ya mahali hapo, pumzi ndogo ingeiamsha hewa, nayo ingeendelea kushikamana na bawa hadi mwisho. Majira yote ya baridi alitoboa, mia saba kila upande, na kila akifikisha mia alinywa kikombe kimoja cha kahawa akiwa amesimama.

Februari, mwaka wa themanini na nne, siku nne baada ya tundu la mwisho, mshipa ulipasuka kichwani mwake akisubiri tramu. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Nilipoambiwa, niliuliza kama kuna mtu amezima hita ya karakana. Nilimzika, nikapokea mikono ya watu, nikarudi kwenye mitihani nikafaulu. Watu walinisifu kwamba nimejikaza. Sikuwa nimejikaza, ukweli ni kwamba sikuhisi kitu, na hilo sikumwambia mtu kwa sababu niliona aibu.

Kila Agosti vikundi vya vyuo vyote hukutana kusini, kwenye uwanja wa nyasi, kupima ndege zao. Kipimo chenyewe ni rahisi. Alfajiri, kabla jua halijaanza kuichemsha hewa, ndege mbili huvutwa juu hadi mita elfu tatu na kuachiwa. Moja ni ile ya kulinganishia, ambayo tabia zake zinajulikana hadi sentimita. Nyingine ni yako. Mnateleza bega kwa bega, kwa mwendo uleule, na mwisho inaangaliwa nani ameshuka zaidi. Mwaka uliotangulia Hauke alikuwa amepima ndege yetu bila matundu, akaacha namba. Mwaka huu niliirusha mimi. Tulikubaliana kwamba namba ikipanda, ndege mpya ambayo kikundi kilikuwa kinakaribia kuichongea kalibu la kuundia mabawa yake itajengwa na safu ile ya matundu, kwa jina la Hauke. Isipopanda, matundu yatazibwa kwa puti na kupigwa msasa, na kwisha.

Asubuhi ya Jumatano namba ilipanda. Kwa kila kilomita moja ya kushuka tulisogea kilomita moja na nusu zaidi ya mwaka uliopita. Katika mchezo wetu, watu husherehekea nusu ya hiyo. Bwana Rehbein, ambaye kwa kawaida hutoa salamu kwa kupunguza kununa, alinipa mkono mbele ya watu. Mimi nilikwenda kwenye kibanda cha simu nikampigia Mama.

"Yamefanya kazi," nilimwambia.

Mama akasema, "Ngoja nikae," nikasikia kiti kikiburutwa. Alianza kulia taratibu, akicheka katikati, na mimi nikasimama nimeshika simu nikiyasoma maelezo ya jinsi ya kuingiza sarafu.

Ndiyo maana asubuhi iliyofuata, chini ya bawa, niliiangalia ile nta kwa muda mrefu. Niliitia mwenyewe. Kikundi chetu hakijawahi kupeleka ndege kwenye majaribio bila kuing'arisha. Kwetu bawa lenye vumbi ni sawa na kumpeleka mtoto kanisani na kamasi. Siku mbili kabla ya safari niliichukua ile mashine ya kung'arishia, nikapaka nta ngumu juu na chini, tabaka tatu, mpaka nikajiona sura. Nilikuwa nimemfanyia Hauke. Rangi ilikuwa imefifia tangu mwaka uliopita na sikutaka bawa lake lionekane hivyo. Nikaziba kila tundu.

"Kwa hiyo tulichopima jana ni nta," Detlef alisema polepole. "Bawa safi dhidi ya bawa chafu la mwaka jana."

"Ndiyo."

Alikaa kwenye nyasi. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini Hauke alikuwa rafiki yake kabla mimi na yeye hatujawa marafiki.

"Sikiliza," alisema. "Tuzibue matundu kama hamsini hapa mbele ya kamera. Tupige picha. Mzee apate vipovu vyake, sisi twende tukanywe chai. Nani kaona?"

"Na kalibu la ndege mpya?"

"Si watatoboa tu. Watatoboa miaka kumi, na kila tundu watamkumbuka."

"Kama hayafai, watamtukana, Detlef. Kila tundu."

Akang'oa jani, akalitafuna, akalitema. "Wewe una roho ngumu, dada," alisema, wala hakuwa anatania. Nilitamani iwe kweli. Ukweli ni kwamba mdomo wangu ulikuwa umesema jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimefika kuliwaza.

Tulimkuta Bwana Rehbein kwenye meza ya ramani akimenya yai. Nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho bila kuliachia lile yai.

"Umemwambia nani?"

"Mama yangu. Lakini nilimwambia kabla, kwamba yamefaa."

Akaliweka yai chini. "Jumamosi alfajiri nina nafasi moja," alisema. "Ndege za kuvuta zinaondoka baada ya hapo. Mtamaliza?"

Tulinunua sindano mbili kwenye duka la dawa na kuilaza ndege ubavu. Detlef alichukua bawa la kulia, mimi la kushoto. Unaingiza sindano, unazungusha, unatoa, unafuta, unahamia milimita kumi na moja mbele. Siku ya kwanza nilihesabu. Siku ya pili niliacha, kwa sababu mkono ulijua wenyewe tundu linalofuata liko wapi, na kila ulikokwenda lilikuwepo. Kwa zaidi ya miezi mitano hapakuwa na mahali nilipokaa na kaka yangu kwa muda mrefu namna hiyo. Hata hivyo sikulia. Ijumaa jioni tulipaka sabuni, tukasukuma pampu, na mstari mzima ukachanua vipovu kutoka shina hadi ncha. Detlef akapiga picha, akageuka upande wa pili akajifanya anatafuta kifuniko cha kamera.

Jumamosi hewa ilikuwa tulivu kuliko siku zote. Niliishika ndege kando ya ile ya kulinganishia, mwendo ukiwa umesimama kwenye kilomita mia na kumi kwa saa, na sikuhitaji kusubiri hesabu za mtu. Jumatano nilikuwa nikimwangalia rubani mwenzangu akiwa chini yangu. Sasa kofia yake ilianza kupanda polepole kwenye kioo changu, kwanza usawa wa macho, kisha juu zaidi. Matundu yalikuwa yanapumua yote, na ndege ilikuwa inazama. Bwana Rehbein alipiga hesabu mara mbili. Kwa kila kilomita ya kushuka tulisogea mita mia mbili pungufu hata ya namba ya mwaka uliopita, ya lile bawa chafu. Safu ilikuwa imekaa mbele mno, kwa sentimita tatu au nne. Hauke alikuwa anaiamsha hewa ambayo bado ilikuwa inajiendea vizuri.

Kibanda cha simu kilikuwa na joto.

"Mama, siku ile nilikosea," nilisema. "Tumerudia. Matundu hayakusaidia. Yalidhuru kidogo." Nikamweleza habari ya nta. Nikamweleza kwamba Jumatatu tutayaziba.

Nilisikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe.

"Mimi mambo ya hewa siyajui, mwanangu," alisema. "Nijibu moja tu. Aliyatoboa yakanyooka?"

"Yamenyooka."

"Yote?"

"Yote, Mama. Nimeyapita yote kwa sindano. Hakuna lililopinda."

"Basi liandikeni hilo," alisema. "Kwenye hizo karatasi zenu. Andika."

Ripoti ilikuwa kurasa sita. Niliandika kipimo, mwendo, joto la hewa, kosa la nta pamoja na jina langu, na hitimisho kwamba marekebisho hayana faida na yaondolewe. Chini yake nikaandika: *Matundu yote elfu moja na mia nne yametobolewa yakanyooka.* Neno la mwisho ilinibidi niliandike mara mbili.

Bwana Rehbein alikuwa maarufu kwa kufuta kila sentensi isiyo na kipimo. Aliifikia ile, kalamu ikiwa wazi.

"Hii umeipimaje?" aliuliza.

Nilifungua mdomo nijibu, sauti haikutoka. Alinitazama, akaifunika kalamu, akageuza ukurasa.