Kidole cha Kidomo

Kitendawili: nasimama mbele yake, ananitazama, na bado anasema sipo. Jibu lake liko kwenye dirisha la dawa la zahanati yetu.

Miaka thelathini na mmoja nilifua mashuka ya hospitali. Maji ya moto, sabuni ya unga, dawa ya madoa. Kazi iliponiacha, ncha za vidole vyangu zilikuwa laini kama kokoto za mtoni. Sikujua kwamba iko siku nitaulizwa michirizi yake imekwenda wapi.

Mashine ya kusoma vidole ilipoletwa zahanati, tulipanga foleni tuandikishwe. Zamu yangu ikafika, nikabonyeza. "Jaribu tena," ikasema. Nikafuta kidole kwenye gauni, nikajaribu tena. Mara ya saba mwandikishaji akapiga miayo, na nyuma yangu watu wakaanza kuguna. Mdogo wangu, ambaye tangu utotoni tunamwita Kidomo, akapenyeza mkono chini ya kwapa langu, akabonyeza kidole gumba chake cha kulia. Mashine ikaimba.

"Kidole ni kidole," akaninong'oneza. "Mimi nitatumia cha kushoto."

Mwandikishaji aliona. Alikuwa amechoka kuliko sisi.

Tangu hapo, kila mwezi twaenda wawili kuchukua dawa za presha, zangu na zake, na vidole vyote ni vya kwake. Nikimuudhi huniinulia gumba: "Dada, niheshimu. Uhai wako nimeushika mimi."

Juzi nilikuwa nimebakiza vidonge viwili. Nikamkuta kidole hichohicho kimefungwa kitambaa.

"Umefanya nini?"

"Kitunguu."

"Vidole kumi unavyo, ukaona ukate changu?"

"Changu, dada! Kimeota mkononi mwangu."

Tulikwenda hivyohivyo. Zile ngazi tano za zahanati tulizipanda kama mlima, magoti yakilia. Mtoa dawa, mzee mwenzetu aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, akatuona.

"Karibuni, mabinti."

Kidomo akafungua kitambaa, akabonyeza. Mashine ikakataa. Jeraha lilikuwa limepita katikati kabisa. Akabonyeza tena, na tena, mpaka damu ikachuruzika kwenye kioo.

"Basi," nikasema. "Inatosha."

Nikamweleza mtoa dawa yote, tangu siku ile ya foleni. Akavua miwani, akasugua macho.

"Nakujua tangu unafua mashuka. Jina lako nalijua, presha yako naijua. Lakini kabati halifunguki mpaka hii iseme ndiyo. Nikikufuta nikuandikishe upya, itataka kidole chako."

"Nisicho nacho."

"Usicho nacho."

Nikaegemea dirisha, miguu inaniuma. "Kitendawili," nikamwambia.

"Tega."

Nikamtegea kile nilichoanza nacho hapa. Hakuhangaika kufikiri.

"Jibu ninalo hapa mezani," akasema. "Lakini nimeshindwa. Chukua mji."

"Mji nitaufanyia nini, mzee mwenzangu? Nipe vidonge."

Hakucheka. Akachukua pamba, akafuta damu kwenye kioo, polepole.

Kidomo akanisukuma kando, akaweka gumba lake la kushoto. Mashine ikaimba, kabati likafunguka, vidonge vyake vya mwezi vikatoka. Presha yetu ni moja, tumeirithi kwa mama, na dawa ni ileile. Akavimimina kwenye kiganja, akaanza kugawa palepale: kimoja chako, kimoja changu.

"Hivyo ni vya wiki mbili tu," mtoa dawa akasema kwa sauti ndogo.

"Kidonda kitakuwa kimepona."

"Na kikiacha kovu?"

Kidomo akakifunga kidole upya kwa kitambaa. Tukashuka ngazi tukiwa tumeshikana, mimi nimekamata mkono wake wa kulia.

"Taratibu, dada, unakibana."

Nikalegeza, nikakishika kama mtu anavyoshika yai.

"Kuanzia leo, vitunguu vya kwako nakuja kukata mimi," nikamwambia.

"Basi uwahi. Wajukuu wanakula saa saba."