Kengele ya Pili

Kengele ya pili ilipogonga, Najat alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kupongeza.

Filomena alimtazama kwenye simu, ameketi juu ya kitanda cha mama yake. Miguu ya kitanda hicho ilikuwa imepandishwa juu ya matofali, ili maji yakiingia ndani yapite chini. Huko bungeni Dodoma, Najat alisimama amejifunga ushungi wa rangi ya zambarau. Akamshukuru Mwenyezi Mungu, akamshukuru Spika kwa kumpa nafasi, akampongeza Waziri, kisha Naibu Waziri, kisha Katibu Mkuu na wataalamu wote wa wizara. Akawapa pole wabunge waliofiwa. Akawashukuru wapiga kura wake, mume wake na watoto. Kengele ya kwanza ililia, ile ya kumwonya msemaji kwamba muda unakaribia kwisha, naye akaipita kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake. Ndipo akafunua karatasi na kusema, "Sasa nije jimboni kwangu." Kengele ya pili ikagonga.

"Naunga mkono hoja," alisema Najat kwa haraka, akaketi.

Filomena alirudisha nyuma akatazama tena, kisha tena. Kuna furaha ambayo mtu huionea haya hata akiwa peke yake chumbani, na hiyo ndiyo iliyomjaa. Mama yake, aliyekuwa uani anakamua matambara, aliuliza kama Najat amesema habari ya mtaro. Filomena akajibu kwamba hajasema, na sauti yake ikatoka nyepesi kuliko alivyotaka.

Habari ya mtaro ilijulikana na kila mtu katika sehemu ile ya Kiwalani. Mkandarasi aliuchimba kutoka juu, akaujengea kwa zege vizuri kabisa, kisha akaondoka na mashine zake alipofika nyuma ya nyumba ya mama Filomena. Tangu hapo mvua ya mtaa mzima ilipewa njia ya kuja, haikupewa njia ya kwenda. Ilimwagikia uani kwao na kwa majirani zao, ikaingia vyumbani na kila kilichotupwa huko juu.

Mwaka wa uchaguzi, Filomena alikuwa amegombea ubunge kwa ajili ya mtaro huo. Alikuwa mwalimu wa sekondari, mwenye shahada yake na imani yake kwamba jambo la kweli likielezwa vizuri litasikika. Kwenye kura za maoni za chama alipanda jukwaani mbele ya wajumbe akaeleza mtaro ulipoanzia, ulipokwamia, na nani alipaswa kuumalizia. Alieleza vizuri. Baada yake alipanda Najat, aliyeketi naye dawati moja tangu darasa la kwanza, akaanza kusalimia. Alimpa shikamoo mzee huyu kwa jina, akamwuliza yule hali ya mgonjwa wake, akampa pole mama aliyeibiwa kuku. Mtaro hakuutaja kabisa. Wajumbe walimpa kura zao wakicheka kwa raha, kama watu walioalikwa karamuni.

Tangu siku ile Filomena aliishi na wivu kama mtu anayeishi na jino bovu, akijifunza kutafuna upande wa pili. Najat alipoonekana kwenye taarifa ya habari, alibadilisha stesheni. Majirani walipomsifu, alikubaliana nao upesi mno. Usiku wa mvua ndio uliomwumiza zaidi, kwa sababu alipokuwa anachota maji kwa beseni alijikuta akiwaza kwamba yeye angeshalimaliza jambo hili, na hakukuwa na wa kumthibitishia wala wa kumkanusha.

Sasa alikuwa na uthibitisho, umekaa kwenye simu yake.

Jumamosi Mbunge alikuja kutoka Dodoma kuwaeleza wananchi yaliyofikiwa mpaka sasa katika Bunge la Bajeti. Viti vya kukodi vilipangwa mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa, na mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mashaka, aliketi mezani akiwa na chupa ya soda na kifungulio cha kuigongea muda ukiisha. Najat alizunguka akisalimia kila safu. Alipofika kwa Filomena alimkumbatia, akamwita shoga yangu, na Filomena akanusa udi kwenye ushungi wake akajichukia kwa kuupenda.

Taarifa ilikuwa ndefu na si mbaya. Kituo cha afya kingepata jengo la wazazi. Barabara ya kwenda Buguruni ilikuwa kwenye mpango. Watu walipiga makofi. Kisha Najat akasema kwamba suala la mtaro wamelifikisha bungeni na Serikali ni sikivu, na makofi yakazidi.

Filomena akasimama na kuomba nafasi.

Alikuwa amelipanga jambo lake usiku uliopita. Angeisogeza simu kwenye kipaza sauti, angebonyeza, na watu wangejisikilizia wenyewe. Hakuhitaji hata kusema neno. Lakini alipokishika kipaza sauti aliziona nyuso zikimgeukia kwa namna ambayo aliielewa mara moja. Walimkumbuka. Huyu ndiye aliyeshindwa. Mtu aliyeshindwa akisimama na kushambulia bila kutanguliza heri, ataonekana ana kijicho, na Filomena hakuwa tayari kuonekana na kitu alichokuwa nacho kweli.

Kwa hiyo akaanza kwa kuwaamkia wazee. Akamshukuru Mzee Mashaka kwa kumpa nafasi. Akampongeza Mheshimiwa Mbunge kwa ushindi wake, na kwa sababu pongezi ile ilimtoka kavu, akaiongezea nyingine: kwa jengo la wazazi, kwa barabara, kwa kutowasahau watu wa nyumbani. Akawashukuru waliopika chai. Alijisikia akiendelea, kila neno zuri likidai jingine zuri la kulifunika, na simu ikiwa bado kiganjani.

Mzee Mashaka akagonga chupa.

"Mwalimu, muda umekwisha. Uliza swali."

Watu walicheka. Mama Rogers, muuza chapati, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba huyu naye angeenda Dodoma, angerudi bado anasalimia. Wakacheka tena.

Najat hakucheka. Alikuwa anaitazama ile simu, kama anayejua kilichomo. Filomena akamwona jinsi alivyoishika karatasi yake kwa mikono miwili, kama alivyoishika zamani walipoitwa mbele ya darasa kusoma, na mara akajua kwamba kule bungeni Najat hakuwa mzembe. Alikuwa ameogopa. Alisalimia kwa sababu kusalimia ndiko alikokujua, na ndiko kulikomfikisha pale. Na yeye Filomena, aliyedhani ana dawa tofauti, ametoka kufanya yaleyale mbele ya viti vya kukodi, kwa hofu yake mwenyewe.

Aliiweka simu kwenye mkoba.

"Mheshimiwa, ulipochangia bajeti, mtaro wetu uliutaja?"

Swali lilikuwa na mlango wa kutokea, na Najat angeweza kuupita kwa urahisi. Aliutazama mkoba wa Filomena, kisha watu.

"Sikuutaja," alisema. "Nilikusudia. Kengele ilinikuta."

Manung'uniko yalianzia nyuma yakaja mbele. Mama Rogers alisimama kabisa, mikono kiunoni.

"Sie maji yanatukuta kitandani, mwenzetu anakutwa na kengele. Haya, hongera."

Safari hii hakuna aliyecheka, na Najat hakujitetea. Alisema mwezi wa sita kuna mjadala wa bajeti kuu, ameomba kuchangia, na kwamba hana ahadi nyingine. Mkutano ulifungwa kwa dua fupi. Watu waliondoka bila kumpa mkono, isipokuwa wazee wachache.

Jioni Najat alikuja kwa miguu, peke yake, akiinua gauni kupita kwenye tope. Alimwamkia mama Filomena, naye mama akamwitikia kwa furaha ileile ya miaka yote, akamkaribisha pahali pakavu pekee palipokuwapo, kitandani. Akapanda akaketi. Kwa sababu ya matofali miguu yake haikufika chini, ikawa inaning'inia kama ya mtoto.

"Ungeweza kuwasikilizisha," alisema.

Filomena alikubali kwamba angeweza.

"Kwa nini hukufanya?"

Filomena akalisogeza beseni kwa mguu. Najat akachungulia chini ya kitanda, akayatazama matofali na mstari wa tope ukutani, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Filo, ingekuwa wewe, ungeanzaje?"

Hilo ndilo swali ambalo Filomena alilisubiri tangu siku ya wajumbe, na sasa lilipokuja lilimchoma. Jibu alikuwa nalo. Alikuwa amelilaza na kuliamsha miaka yote hiyo, na kulitoa kulikuwa kumpa mwenzake kitu cha mwisho ambacho hakuwa amekichukua.

"Ungeanzia hapo ulipoketi," alisema.

Najat akajaribu. "Mheshimiwa Spika, kwanza kabisa naomba nichukue fursa hii..."

"Hapana."

"Mheshimiwa Spika, nakushukuru kwa..."

"Hapana, Najat."

Uani mama yake alikuwa anaingiza nguo, kwa kuwa wingu lilikuwa limefunga upande wa uwanja wa ndege. Najat alifumba macho. Miguu yake ikaacha kuning'inia ovyo.

"Mheshimiwa Spika, Kiwalani kuna mama analala juu ya matofali."

Lilikuwa la Filomena, lile neno, na katika kinywa cha Najat lilikuwa zuri zaidi. Wivu ukamgusa Filomena palepale pa siku zote. Akausikia, akauacha ukae.

"Sema tena," alisema. "Polepole, ili wasikie."