Sindano ya Miezi Mitatu

Nilimpelekea katekista Bartholomeo kadi ya kliniki ya binti yangu Winfrida ili aone tarehe ya kuzaliwa, maana huku mlimani juu ya Mlali cheti cha kuzaliwa ni kitu cha kusikia tu, na asiyetimiza miaka tisa hapokei komunyo ya kwanza. Kwa ujinga wangu nilisahau kwamba nyuma yake nilikuwa nimebana kwa pini kadi yangu mwenyewe, ile ya sindano ya uzazi wa mpango. Bartholomeo kwa kusoma mambo ya watu hajambo. Akaisoma yote, kisha akampelekea Padre Thobias.

Wenzangu walikuwa wajanja. Wiki ileile, walipotakiwa nao kupeleka kadi za watoto wao, kina mama sita wa kigango chetu walisema kadi zao zimeliwa na panya. Panya gani hao wanaochagua kadi na kuacha mahindi? Lakini nikaufyata, sikumtaja mtu.

Ijumaa jumuiya ilisali kwangu, ilikuwa zamu yangu, na Padre akaja mwenyewe.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama Winfrida."

"Milele amina, Baba."

Hakuzunguka. Alisema mbele ya watu wote nipige magoti, niahidi kuacha sindano, la sivyo Winfrida hapokei Jumapili.

"Mafundisho ya Kanisa hayabadiliki eti kwa sababu siku hizi kila kitu ruksa," alisema.

Jamani, nilichemka. Mimi nimezaa saba. Huyu wa mwisho, Elia, nilibebwa kwa machela kutoka huku mpaka zahanati, damu inanitoka njia nzima, na mume wangu Gabrieli alishaanza kuulizia mbao za jeneza. Nesi Shamimu aliniambia waziwazi kwamba wa nane ataniua. Sasa niahidi nini? Nife ili katekista afurahi?

"Baba, nikipiga magoti nitaahidi uongo," nilisema. "Na uongo ni dhambi, mmetufundisha wenyewe. Sipigi."

"Basi mtoto atasubiri mwakani."

"Mtoto hachomwi sindano, Baba. Nachomwa mimi."

Bartholomeo akasema nina mdomo. Nikamjibu ninao, na leo sijautumia hata nusu. Gabrieli alikuwa ameinama anatazama ndala zake. Walipoondoka akaniambia, "Editha, si ungesema tu ndiyo yakaisha?" Nikamuuliza kama hiyo mimba ataibeba yeye.

Jumamosi Winfrida aliniuliza kama anyooshe gauni lake au alirudishe sandukuni. Ni gauni jeupe la mitumba, nililinunua Morogoro mjini kwa kabichi zangu za msimu mzima. Swali lile liliniuma kuliko maneno yote ya Padre. Nikamwambia anyooshe.

Jumapili, wakati wa komunyo ulipofika, nilimshika mkono tukaingia kwenye foleni. Watu walinong'ona, nikasonga. Tulipofika mbele, Padre aliirudisha hostia kwenye kikombe.

"Mama, rudi ukakae."

Sikurudi. Winfrida alikuwa amefumba macho na kufungua mdomo kama alivyofundishwa. Foleni nzima ikasimama nyuma yetu. Wale kina mama sita walikuwemo, na hakuna hata mmoja aliyenizunguka apite. Kwaya ilimaliza wimbo, ikaanza wa pili. Padre alinitazama mimi, akaitazama foleni, mwishowe akamtazama mtoto.

"Mwili wa Kristo," akasema.

"Amina," Winfrida akajibu.

Mimi hakunipa. Nilibaki palepale na viganja vyangu wazi mpaka akalazimika kuniangalia usoni.

"Jumapili ijayo nakuja tena, Baba," nikamwambia. "Na miezi mitatu ikiisha nakwenda zahanati."